Nilimkatalia jirani kangomba, akaenda kupunjwa zaidi

Dada Mshauri, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi kijijini wilaya ya Newala. Nina duka dogo la vyakula, si kubwa lakini linatulisha. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi zake nyingi ziko Mtwara mjini. Hurudi mwisho wa mwezi, na miezi mingine harudi. Tuna watoto watatu. Mkubwa ni msichana, amepata nafasi chuo cha uuguzi na anatakiwa kuripoti mwezi wa kumi. Ada yake ndiyo imeanzisha yote haya.

Ninyi mlioko mbali huenda hamjui maisha ya huku kabla ya msimu. Korosho zikishauzwa mwishoni mwa mwaka kila mtu ana pesa. Ikifika masika, pesa hakuna. Ikifika Juni na Julai, wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ndipo hali inakuwa mbaya kabisa, maana shamba linataka pesa na nyumba nayo inataka. Wengine wana watoto wa kucheza unyago, na ngoma haisubiri mnada wa korosho. Basi mtu anakwenda kwa mwenye pesa, anachukua laki moja, anaahidi kilo kadhaa za korosho zikianguka. Hiyo ndiyo kangomba. Bei ya kangomba haifiki hata nusu ya bei ya mnada.

Mimi niliamua zamani kwamba mizani yangu itapima sukari na mchele, korosho haitaigusa. Niliamua baada ya mafungo ya Kwaresima, padri alihubiri juu ya mizani ya haki na yale maneno yakaniingia. Tangu hapo watu wanakopa dukani kwa daftari, wanalipa pesa wakipata. Wengine hawalipi.

Mwaka huu kikoba chetu kimevunjwa, nimepata shilingi milioni moja na laki nane. Mume wangu naye ana akiba yake. Akanipigia simu akasema, mama watoto, tukiunganisha tunapata milioni tatu, mwezi wa kumi na moja zitakuwa saba, mtoto anasoma hadi anamaliza. Kaka yake yuko kwenye biashara hiyo miaka mingi na anafahamiana na mtu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho, kwa hiyo kuandikisha mzigo si tatizo. Nikamwambia nafsi yangu haitaki. Akasema kwa upole tu, si kwa ugomvi: "Wewe si unasoma Biblia? Imeandikwa wake wawatii waume zao. Na tutatoa fungu la kumi, kanisa lenu si linataka mabati?"

Nilikuwa bado sijamjibu alipokuja jirani yangu usiku. Ni bibi mjane anayelea wajukuu wawili. Alitaka laki mbili, anipe kilo mia mbili msimu ukifika. Nilimweleza kwa adabu kwamba sifanyi kangomba, ni imani yangu. Akashukuru, akaondoka. Baada ya siku chache nikasikia amechukua pesa hizo hizo kwa mfanyabiashara mmoja, kwa kilo karibu mia tatu. Yaani mimi ningempunja kidogo, huyu amempunja sana. Nilijiona mtii mbele za Mungu, kumbe aliyelipa gharama ya utii wangu ni yule bibi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Shetani ananiandama. Usiku najikuta napiga hesabu: milioni tatu kwa shilingi elfu moja ni kilo ngapi, kwa bei ya mnada ni shilingi ngapi. Naomba, halafu narudi kwenye hesabu. Kanisani wapo wanaofanya kangomba na ndio wanaotoa sana kwenye harambee. Padri anajua, na sisi tunajua kwamba anajua.

Dada, nimtii nani? Nikimtii Mungu, mtoto anakosa chuo na jirani anapunjwa na wengine. Nikimtii mume, nafsi inanisuta. Au mimi ndiye ninayeifanya dini kuwa ngumu kuliko ilivyo?

Mama Duka, Newala

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Milele na milele, amina.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama kwenye habari ya yule bibi. Ulinieleza kwanza habari za ada na za mume, lakini nadhani ni huyo bibi anayekunyima usingizi. Kama ni ada tu, ungekuwa umeshajua la kufanya, maana uliamua zamani na uamuzi wako umestahimili misimu kadhaa. Kilichokutikisa ni kuona kwamba ulisema hapana, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Kwa hiyo nianze hapo. Umeandika kwamba yeye ndiye aliyelipa gharama ya utii wako. Nakuomba uitazame tena sentensi hiyo. Bibi alipunjwa na aliyempunja. Mtu huyo alikuwepo kabla hujamkatalia, na angekuwepo hata kama ungekuwa umesafiri. Kukataa kwako hakukupandisha kilo kutoka mia mbili hadi mia tatu. Ila sitaki nikufariji haraka mno, kwa sababu dhamiri yako inaona kitu cha kweli: bibi alikuja na shida ya laki mbili, akaondoka na shida ile ile pamoja na maelezo ya imani yako. Ulimfungia mlango wa kangomba. Je, kulikuwa na mlango mwingine wa kumfungulia? Huenda haukuwepo. Huenda ulikuwepo, lakini ulishtuka, ukawahi kuilinda nafsi yako isichafuke. Sikulaumu, mtu akigongewa usiku hana muda wa kufikiri. Nauliza tu kwa sababu nahisi wewe mwenyewe unajiuliza.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, kina kisa ambacho kama kingetokea Newala tusingebadilisha mambo mengi. Watu wana njaa, wanaweka rehani mashamba na mizabibu wapate nafaka, wengine watoto wao wameshaingia utumwani kwa ajili ya deni, na wanaowakopesha ni ndugu zao wenyewe, Wayahudi wenzao. Nehemia anakasirika sana. Lakini angalia mstari wa 10: anakiri kwamba hata yeye na ndugu zake wamekuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Hasemi tuache kukopesha. Anasema tuiache riba, na mashamba yarudishwe. Wewe umeweka mambo mawili tu mezani, kangomba au hapana. Nehemia anakopesha bila kumla mtu. Kanisa la Anglikana la huko kwenu lenyewe lilianzia Masasi mwaka 1876, na miongoni mwa waliolianzisha walikuwa watu waliotolewa utumwani, wakaletwa na Askofu Edward Steere. Watu wale wangeelewa haraka sana maana ya mtu kuuza jasho la kesho ili ale leo.

Sasa mume wako. Nimependa kwamba umeandika alisema kwa upole. Inaonyesha si mtu mbaya, ni baba anayetaka bintiye asome, na yuko mbali akihesabu matofali ya nyumba za watu wengine. Lakini amekupa hoja mbili, na zote mbili Biblia yenyewe imezigusa mahali pengine.

Hoja ya mabati ni ya Mfalme Sauli. Aliagizwa asibakize kitu, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na alipoulizwa akasema ni kwa ajili ya kumtolea Bwana dhabihu. Samweli akamjibu maneno ambayo bila shaka unayajua kwa moyo: "Kutii ni bora kuliko dhabihu." Sauli hakusema anataka ng'ombe kwa ajili yake, maana sababu ya namna hiyo ingekataliwa mara moja. Alitafuta sababu yenye harufu ya ibada. Mabati ni kitu chema, na ada ya mtoto ni chema zaidi, na ndiyo maana jaribu lako ni zito. Lingekuja na sura ya anasa usingepoteza usingizi hata usiku mmoja.

Hoja ya kumtii mume ni ngumu zaidi, na wanawake wengi wameniandikia juu yake kwa namna mbalimbali. Sitaki kukuambia mume wako hana sauti nyumbani kwake. Anayo. Lakini soma Matendo sura ya 5, habari ya Anania na mkewe Safira. Walikubaliana pamoja kuficha sehemu ya thamani ya kiwanja. Safira alipoingia, Petro hakumuuliza "mume wako alisema nini?" Alimuuliza yeye, peke yake, na alimpa nafasi ya kujibu ukweli wake. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 29, mitume wanasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Swali langu kwako ni hili: mume wako amekuagiza kweli, au amekuomba na kukushawishi? Kwa jinsi ulivyoeleza mimi nimesikia ombi. Kama ni ombi, basi bado mko kwenye mazungumzo, na wewe umeshajipeleka kwenye uasi kabla hata ya kukaa naye mezani.

Umesema pia shetani anakuandama. Sibishani nawe, lakini Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Zile hesabu za usiku ni zako. Nazitaja kwa huruma, si kwa kukusuta: mwanamke aliyeendesha duka miaka yote hiyo lazima awe mtu wa hesabu, na hesabu tamu huleta raha hata kama hutaitekeleza. Ningependa ufanye jaribio moja. Ukianza kupiga hesabu, usiishie kwenye milioni saba. Endelea. Andika milioni nne za faida zimetoka kwa nani, nyumba kwa nyumba, majina ya watu unaowauzia sukari. Usipoandika majina, pesa hizo zitaonekana kama zimeshuka na mvua.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na nitakwambia ninachokiogopa katika kila moja.

Mkifanya kama anavyotaka baba watoto, inawezekana kabisa mkapata pesa. Wapo wanaopata kila mwaka, tusidanganyane. Lakini kangomba imekatazwa, na ninyi mtakuwa na deni ambalo hamwezi kulidai mahali popote kwa haki. Mkulima akiamua kupeleka korosho zake mwenyewe, mtakwenda kumshitaki kwa nani? Halafu kuna habari ya majina. Tangu stakabadhi ghalani ianze huko Mtwara mwaka 2007, korosho inapokelewa na chama cha msingi, inakwenda ghala kuu, inauzwa mnadani, na malipo yanamfuata mkulima aliyeandikwa. Kwa hiyo ama ninyi mwandikwe kuwa mmevuna ambacho hamkuvuna, ama bibi ajifanye mzigo bado ni wake kisha awaletee pesa. Shemeji yako anasema kuandikisha si tatizo. Maana yake ni kwamba uongo umeshapangiwa mtu wa kuuandika. Na mnakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba mzigo. Kabla ya malipo ukaja uhakiki, mtu aonyeshe shamba lake. Waliokuwa na magunia bila mikorosho walikwama nayo. Mtaji wa kikoba chako unaweza kukwama hivyo hivyo, na ule si wa kuokota.

Ukikataa na kuishia hapo, unabaki na dhamiri iliyotulia upande mmoja. Ila mume anaweza kuona umemwachia mzigo wa ada peke yake, na hilo linaweza kukaa kwenye ndoa muda mrefu kuliko miaka ya chuo. Pia kuna hatari ndogo ambayo watu wa kanisani hatupendi kuizungumza: anayekataa akiwa peke yake huanza kuwahesabu wasiokataa. Umeshaanza. Umeniambia nani anatoa sana kwenye harambee na padri anajua nini. Inawezekana yote ni kweli. Ukiweza, nenda ukaongee na padri huyo faragha, si kumshitaki mtu, bali kumwambia unayopitia. Mahubiri yaliyokubadilisha ni yake, na sidhani kama anajua kuna mtu aliyeyashika kiasi hiki.

Kuna njia ya katikati, nayo ina miiba yake. Daftari lako tayari ni mkopo. Unaweza kumkopesha mtu kwa shilingi na akalipa kwa shilingi ile ile, bila kilo kutajwa. Kutoka 22:25 inamkataza mtu kumtoza riba maskini anayemkopesha, nawe ukikaa na majirani zako Waislamu watakuambia hata kwao riba ni haramu. Kwa hiyo hapo hutakuwa peke yako, ila weka kiwango ambacho duka linaweza kukipoteza bila kufa. Laki mbili kwa kila anayegonga huwezi. Elfu hamsini kwa bibi, labda, na unga wa mwezi mmoja kwa daftari. Wengine hawatalipa, umesema mwenyewe. Na kuwa mwangalifu na jaribu dogo la kupandisha bei ya anayekopa, maana kangomba huingia hata kwenye kilo ya sukari.

Kikoba chenu nacho kikianza upya, zungumzeni juu ya mfuko wa jamii, muuongeze kwa ajili ya miezi hii ya salfa. Pia halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa kufuatilia ofisi, na mmoja wenu asiporejesha wote mnabanwa. Haitamsaidia bibi mwaka huu. Mwakani huenda ikamsaidia.

Kuhusu binti, kabla hamjahesabu milioni saba, mna hakika ada ni kiasi gani kwa muhula wa kwanza? Katika barua yote hukutaja. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu ukiuliza mapema, na Bodi ya Mikopo siku hizi inakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Binti aangalie kama kozi yake imo, na aangalie tarehe za mwisho za kuomba. Milioni moja na laki nane uliyo nayo mkononi ni pesa halali na inaweza kumfikisha chuoni mwezi wa kumi, kisha mtafute ya pili. Sisemi itatosha. Nasema hujaijaribu hesabu hiyo, umeijaribu ile nyingine tu.

Umeniuliza kama unaifanya dini kuwa ngumu. Paulo anawaambia Wakorintho, katika barua ya kwanza 10:13, kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea. Wengi wetu tukisoma hapo tunatarajia mlango mpana. Wako unaweza kuwa na ukubwa wa awamu moja ya ada na mfuko wa unga.

Mume akija mwisho wa mwezi, usianze na mistari ya Biblia. Ukianza nayo atakuletea mingine, na mtamaliza usiku mkishindana. Anza na karatasi: ada ya muhula wa kwanza, pesa iliyopo, pengo. Mwambie pia habari ya bibi kama ulivyoniambia mimi, na kilo mia tatu usiziache. Msikilize naye. Huenda ana hofu ambayo kwenye simu hakuisema. Mkishindwa kuelewana, ombeni mtu mzima mnayemheshimu wote wawili akae nanyi, na asiwe shemeji.

Bibi naye, kabla korosho hazijaanza kuanguka, kamwulize kama aliyemkopesha yuko tayari kupokea fedha badala ya kilo, hata sehemu tu. Anaweza kukuambia halikuhusu. Ana haki hiyo, ulishamkatalia mara moja. Lakini akikujibu, nitafurahi uniandikie tena uniambie amesema nini.

Mshauri wako